Kibanio cha Marehemu

Mapenzi yangu yaliishia kwenye ndoo ya chai. Sitanii. Ndoo ya plastiki, ya buluu, mpini umekatika, imejaa chai nyeusi iliyochacha, na ndani yake misumari yenye kutu imezama chini. Juu imeota utando. Nilipoinama kuitazama, harufu ya siki ikanipanda puani, nikageuza uso kwa kinyaa.

Ngoja nianze nilivyoingia, maana niliingia nikicheka.

Nilikuwa na habari njema. Mama yangu mzazi, ambaye tangu mwanzo hakutaka hata kumsikia mwanamume yule, alikuwa amekubali. Jumamosi aje. Aje na mjomba wake, waseme walichonacho, wajibiwe. Habari kama hiyo haisemwi kwenye simu, jamani. Nikavaa gauni langu la kijani, nikabana nywele kwa kile kibanio alichonipa, nikatoka kwa miguu hadi dukani kwake.

Anauza samani za zamani. Mtaa mzima unamwita Mzee wa Kale, ingawa uzee hana. Ni kijana wa mabega mapana na macho ya usingizi, macho ambayo yakikutulia usoni unasahau ulichofuata. Mimi nilikuwa nimefuata meza. Kazi yangu ni kutafsiri vile vijitabu vya maelekezo vinavyokuja na majokofu na mashine za kufulia. Naifanyia nyumbani, na kwa muda mrefu niliifanyia kitandani, kompyuta juu ya mto, mgongo unaniwaka. Nikasema basi, kile chumba kidogo ninachotupia masanduku nakifanya ofisi. Nikaanza kukusanya picha. Nyingine nazikata magazetini, nyingine nazihifadhi kwenye simu: ofisi za enzi zile, meza nzito zenye droo pande mbili, taa za shaba zenye kofia ya kioo cha kijani, redio za mbao. Mama akiziona anauliza, "Kwani vitu vipya vimeisha madukani?"

Mzee wa Kale alikuja kukiona chumba kabla ya kuniuzia chochote. Akasimama katikati, mikono nyuma. Akafungua dirisha, akalifunga.

"Meza tuiweke hapa," akasema, "ukiinua macho uone nje. Kiti kigeuke hivi, mtu akiingia akute uso, asikute kisogo. Uso kama huo si wa kuuelekeza ukutani."

Nikacheka kama mjinga. Ilianzia hapo.

Lakini kilichonimaliza ni kiti. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mikono, mto wake wa mahameli rangi ya damu ya mzee, umefifia pale mtu anapokaa. Nilikikalia dukani kukijaribu tu. Nikamwona macho yanamjaa maji.

"Inuka," aliniambia. Kisha akanizuia kwa mkono. "Hapana, kaa. Samahani. Ni cha marehemu mama yangu. Alikuwa akishonea hapo kila jioni. Siku aliyofariki nilirudi kutoka shuleni nikakuta cherehani inawaka taa, kiti kitupu."

"Pole sana," nikamwambia.

"Kiti hiki sikiuzi. Nakupa. Ulivyokaa umenirudishia mtu."

Niambieni, mwanamke gani hapo angebaki na akili yake?

Siku chache baadaye mkono wangu uliingia kwenye upenyo wa mto ukatoka na kibanio cha nywele. Cha shaba, kina ua dogo, kimenasa nywele mbili tatu nyeupe. Nikampelekea. Akakishika kwa vidole viwili, akaketi sakafuni, dume zima lile, akalia. Kisha akaninyanyua uso, akanibana nywele kwa mkono wake. "Kaa nacho wewe," akasema. "Mama angekupenda." Zile mvi sikuzitoa. Niliona nitamkosea heshima marehemu. Nikatembea nazo kichwani sokoni, nikafanya nazo kazi, nikalala nazo.

Basi siku hiyo nikafika dukani, nikakuta mlango wazi, mbele hakuna mtu. Nyuma kuna karakana, na huko alikuwa ananikataza nisiingie. "Vumbi litakuchafua, mpenzi," ndilo lilikuwa jibu lake. Nikasikia mlio wa chuma kikipiga mbao. Nikajisemea leo vumbi na linichafue, nikasukuma mlango.

Alikuwa amenipa mgongo, kifua wazi, mkononi ana mnyororo. Anachapa meza. Meza mpya kabisa, nyeupe, inanuka unga wa msumeno, anaichapa mnyororo kama mtu aliyetumwa kulipiza kisasi. Halafu akaacha, akachukua msumari mwembamba na nyundo, akaanza kutoboa vishimo kwenye mguu wa meza. Kimoja hapa, viwili pale, anasogea nyuma anatazama, anaongeza kimoja. Vishimo vya bungua. Vishimo vilevile nilivyokuwa nikivipapasa kwenye meza yangu nikiwaza wadudu walioishi enzi za babu zetu.

Pembeni ndiyo hiyo ndoo. Kitambaa kimening'inia ukingoni, kinachuruzika. Ukutani ameegemeza meza nyingine iliyokwisha kupakwa chai hiyo, imezeeka ghafla, nayo ni pacha wa yangu, droo kwa droo.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

Akageuka. Uso wake nilioupenda ukapoteza damu.

"Umeingiaje huku?"

"Kwa miguu. Unafanya nini?"

"Nairekebisha. Mteja anataka..."

"Mbao mbichi unairekebisha kwa mnyororo? Mimi nimezaliwa jana?"

Akaweka msumari chini taratibu. Akajifuta jasho kwa mkono wa chai, ukabaki mchirizi wa kahawia shavuni. Jana yake ningempangusa kwa leso yangu. Sasa nilikunja vidole vyangu visije vikamsogelea kwa mazoea.

"Meza yangu ni hivi hivi?" nikauliza.

Akautazama mguu wa meza.

"Mama alikuwa akiniambia! Kila akiifuta kitambaa kinatoka na rangi ya chai. Nikamwona mchokozi. Nikamfokea mama yangu kwa ajili ya maji ya ndoo hii!"

"Sikiliza. Watu wanataka kitu chenye maisha ndani yake. Nikiwaambia hii nimeitengeneza wiki jana, wanapita. Nikiwaambia ilikuwa ya mwalimu mkuu fulani, wanaikumbatia. Wanaondoka na furaha. Wewe mwenyewe hukufurahi?"

"Usinitumie mimi kujisafishia."

Nikarudi nyuma bila kutazama. Mkono ukagonga kopo la maziwa ya unga lililokuwa mezani, likaanguka, vilivyomo vikamwagika sakafuni. Vifungo vya mashati. Shanga. Meno ya chanuo. Tiketi zilizofifia. Na katikati ya takataka hizo, bonge la nywele nyeupe, limeviringwa, kubwa kama ngumi ya mtoto mchanga.

Nilisisimkwa mwili mzima. Kichwa kilianza kuniwasha pale kilipokaa kibanio.

"Hizo ni nini?"

"Vitu vya kutia ndani," akasema kwa sauti ndogo. "Kwenye droo, kwenye mito. Mtu akivikuta mwenyewe anaamini."

"Nimeuliza hizo nywele."

"Mpenzi wangu..."

"Nywele za nani, wewe? Umekwenda kufagia kwa kinyozi? Nimelala na uchafu wa nani kichwani?"

"Si uchafu!" Akaruka kana kwamba nimemkanyaga. "Ni nywele safi."

"Za nani?"

Na hapo, kabla sijauliza mara nyingine, mlango wa uani ukagongwa na sauti ya mwanamke ikaita, "Hodi humo! Mwenye njaa yuko wapi?"

Akaingia mama mmoja mfupi, mnene kidogo, kitambaa chepesi kichwani, mkononi kabeba kapu lenye sufuria iliyofunikwa kwa sahani. Akamtazama kifua wazi, akaguna. "Vaa shati, mwanangu, una mgeni. Nimekulea hivyo mimi?"

Mwanangu. Nimekulea. Maneno hayo niliyasikia vizuri, lakini akili ilikataa kuyapokea. Nikamtazama mama yule. Macho yaleyale ya usingizi. Akaweka kapu, akavua kitambaa ajipepee, na kichwa chake kikawa cheupe pe.

"Shikamoo," nikasema. Sijui nilipata wapi sauti.

"Marahaba mwanangu. Hujambo?" Akaona bonge sakafuni, akacheka. "Aa, nywele zangu hizo! Nikichana tu, huyu anazikusanya. Nikimuuliza za nini, ananiambia za kujazia mito. Fundi wangu huyu hatupi kitu."

Nikamgeukia mwanawe. Alikuwa anatazama ukuta.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kichefuchefu chenyewe. Mama yangu alimkataa kwa jambo moja. Alisema, "Mtu hana mzazi, hana shangazi, ana mjomba tu wa kusikia, hatujamwona. Nikitaka kujua kakulia wapi namuuliza nani?" Nikalia. Nikamwambia, mama, ni yatima, yatima naye hana haki ya kuoa? Nikamsimulia cherehani inayowaka taa na kiti kitupu. Mama yangu, mwanamke asiyelainika ovyo, akajifuta macho kwa upande wa nguo. Akasema, "Basi aje. Mimi ndiye nitakuwa mama yake." Tangu hapo kila akisali alimtaja marehemu. Na marehemu ndiye huyu, anafunua sufuria, anatafuta kijiko.

Nilimsogelea mwanamume yule nikanong'ona, meno yamebana, "Mjomba?"

"Nini?"

"Yule wa kuja naye Jumamosi, maana mama amekubali. Ni nani?"

Akameza mate. "Muuza mbao. Tumezoeana."

Nawaambia kweli, niliziba mdomo kwa kiganja.

"Ilikuwa ya kuuzia kiti tu," akanong'ona haraka haraka, jicho moja kwa mama yake. "Naisema kwa kila mteja. Halafu ukakaa pale, ukasema pole sana kwa sauti ile... nikakupenda. Palepale. Nikawa nimeshasema amekufa. Ningemfufuaje?"

"Na yale machozi ya kibanio?"

"Yalikuwa ya kweli. Niliona aibu."

"Aibu yako ukaja kunibana nayo kichwani!"

"Mnanong'ona nini ninyi?" mama yule akauliza, anacheka. Akaja kwangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, ya moto, inanuka sabuni. Akanitazama kuanzia miguuni hadi usoni, kwa raha. "Msichana mzuri hivi. Nawe ni nani, mwanangu?"

Nilimtazama yeye, Mzee wa Kale, mtu niliyekuwa nimemletea Jumamosi yangu mkononi. Na pamoja na ndoo, na mnyororo, na bonge lile la nywele, Mungu wangu anajua, moyo wangu mpumbavu bado ulikuwa unamngoja. Akisema tu "mama, huyu ndiye ninayetaka kumwoa", mengine yote nitayavumilia. Nitagomba, nitalia, nitanuna, lakini nitayavumilia. Nilimpa macho yote niliyokuwa nayo. Akayaona. Alijua nataka nini.

Akainama kuokota vifungo.

"Mteja, mama," akasema. "Ni mteja tu."

Basi. Kitu kikakatika ndani yangu, na cha ajabu hakikuuma, kilinitia kinyaa. Kinyaa kilekile cha ule utando juu ya chai. Alimzika mama yake ili anipate mimi, na sasa ananizika mimi mbele ya mama yake, huku mikono yake yote miwili inaokota vifungo.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni mteja. Nimekuja kurudisha kitu."

Nikapeleka mkono nyuma ya kichwa, nikavuta kibanio. Nywele zikaniangukia mabegani. Nikamwekea mama yule kiganjani.

"Nilikikuta ndani ya kiti."

Akakitazama. Akakisogeza karibu na macho, akakigeuza upande wa ua.

"Hiki ni changu," akasema polepole. "Wallahi ni changu. Alinipa baba yake huyu, kabla hatujaoana. Nimekitafuta nyumba nzima, nimepekua hadi majalala! Nililia mpaka nikaumwa kichwa." Akamgeukia mwanawe. "Si ulinisaidia kutafuta, wewe? Hukusogeza hadi kabati?"

"Nilisogeza, mama," akasema kwa sauti iliyokauka.

"Kumbe kilidondokea kazini kwako! Ona maajabu." Akanikumbatia, kibanio kikinichoma mgongoni. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Mwingine angejikalia nacho. Namwombea huyu kila siku apate mwenzake, mtu mwenye moyo kama wako. Kula nasi kidogo."

"Nashukuru, mama. Sina njaa."

Nikatoka kupitia dukani, kati ya viti vya marehemu wengine wasiokuwepo. Alinifuata mbio hadi barabarani, shati kalivaa nje ndani.

"Ningesemaje mbele yake?" akaniuliza, anahema. "Angeuliza mbona hakuambiwa."

"Ndiyo. Angeuliza."

"Nipe Jumamosi. Nitakuja naye. Nitamwambia mama yako kila kitu, nipige magoti."

"Umwambie nini? Yule marehemu anayemtaja kwenye sala amekuja, anabisha hodi?"

"Mapenzi yangu ni ya kweli! Hayo sikuyapaka chai!"

Kwa mara ya mwisho nikamtazama vizuri. Mchirizi wa kahawia ulikuwa umemkaukia shavuni.

"Sina namna ya kujua," nikamwambia. "Ulivyonifanya, sina namna ya kujua tena. Rudi ndani, mama yako amekuletea chakula."

Nikaenda. Aliita mara mbili, halafu hakuita tena.

Nyumbani nilimkuta mama yangu anaosha vikombe vya wageni, vile vinavyokaa juu kabatini mwaka mzima. Alikuwa ameshaanza Jumamosi yake.

"Enhe, amesemaje?"

"Usioshe, mama."

"Kwa nini?"

"Mama yake mzima."

"Mama yake nani?"

"Mama yake yeye. Nimemwona. Amemletea chakula cha mchana."

Mama akaketi na kikombe mkononi, kinadondosha maji kwenye nguo yake. Nilisimama nikisubiri aniambie "nilikuambia". Haki alikuwa nayo, tena ya kusema kwa sauti. Lakini alichouliza hakikuwa hicho.

"Masikini. Anajua kwamba alikufa?"

"Hajui."

"Usije ukamwambia."

Akanyanyuka, akatia maji sufuriani, akayaweka motoni. Yalipochemka akayamimina kwenye ndoo, akatia sabuni ya unga, akatafuta vitambaa viwili, akanipa kimoja. Tukaenda kwenye kile chumba kidogo. Taa yangu ya kioo cha kijani ilikuwa inawaka. Kiti cha mahameli nikakikokota nje, nikakiacha ukumbini kimeelekea mlango, sikuweza hata kukigusa kwa kiganja chote. Kisha tukaanza kuisugua meza. Mama upande wa droo, mimi juu. Maji yakatoka ya kahawia, tukayamwaga, yakatoka tena ya kahawia. Chai iling'ang'ania kwenye vile vishimo, nikawa naitoa kwa ncha ya kijiti, kimoja kimoja. Mwisho mbao ikajitokeza, nyeupe, changa, mistari yake imelala vizuri kutoka upande hadi upande.

Mama akapitisha kiganja juu yake.

"Mbao yenyewe nzuri," akasema. "Fundi ni fundi kweli. Si angeiacha tu hivi?"

Hapo ndipo machozi yaliponishuka, yale yaliyokataa kutoka kule. Mama alijifanya hayaoni. Akanisogezea ndoo kwa mguu, nikaichukua, nikaenda kumwaga.